Wavu Uliofuliwa kwa Sabuni

Bidoni ya mafuta ilikuwa imeshafunguliwa. Nyuma ya biro, ofisi ya uvuvi, pale Bunia, nyavu mbili za Constant zililala chini, na shefu Anselme alikuwa akitafuta kiberiti mfukoni.

Mwezi ule ziwa lilifungwa ili samaki wazae, na wavu uliotegwa humo ulichomwa moto. Mito ilibaki wazi. Constant, mkulima wa kijiji cha Bule aliyekimbia vita na kujifunza kuvua ukubwani, aliapa kwamba alitega mtoni. Walinzi wa ziwa waliomkuta pale mto unapoingia ziwani waliandika kwamba alitega ziwani, wakamwamuru alete nyavu mwenyewe. Mke wake, Brigitte, alisimama kando. Pale kwenye kambi ya wakimbizi walikuwa na watoto wanne, na hawakuwa na shamba tena.

Émilienne, afisa mpya wa biro aliyetoka chuo majuzi na ambaye hata kusalimia wakubwa kulimtoa jasho, alichuchumaa. Mto husukuma upande mmoja, kwa hiyo mabua ya nyasi hupenya matundu ya wavu yakielekea upande mmoja. Ziwani upepo hugeuka, na uchafu hunasa huku na huku. Alikunjua wavu wa kwanza. Ulikuwa mweupe, unanukia sabuni.

Aliuliza nani ameufua.

“Ni miye, madamu,” Brigitte alisema. “Ningeleta je matope mbele ya watu ya leta, ya serikali?”

Mlinzi mmoja akamuuliza kama pasi ilikosekana. Wenzake wakacheka. Brigitte akaomba msamaha kwa ule wa pili: sabuni iliisha.

Émilienne aliukunjua. Mabua yalijaa toka mwanzo hadi mwisho, vichwa vyote vikielekea upande mmoja.

Kiberiti kiliwaka.

“Shefu, ngoja. Huu ulikuwa mtoni.”

Anselme alikizima. Alipitisha kidole gumba juu ya mabua, polepole, kisha akauliza kama nyavu zilitegwa pamoja. Constant alimtazama mke wake kabla ya kujibu.

“Hapana, shefu. Ule ingine ilikuwa chini kidogo, kuelekea ziwa.”

Wote wakamgeukia Émilienne. Neno moja tu lingetosha, na alilitamani.

“Ule sijui,” alisema. “Umefuliwa.”

Wavu uliofuliwa ukamwagiwa mafuta. Brigitte aliukumbatia wa pili, matope yakiingia kwenye kitenge chake cha kanisani, wala hakugeuka kutazama moshi. Émilienne alitaka kumwambia kwamba kufua wavu hakukuwa kosa. Alimfuata hadi kwenye lango, na pale akamfungulia tu.