Nusu ya Pili ya Impuzu

Mahfudha alifumia shanga nyuma ya duka la vitambaa la mumewe, Sultani, katika mtaa wa Asiatique. Mwaka ule wa 1997 nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka kwa ajili ya ambargo, vikwazo vya biashara, na shanga mpya haziingii, kwa hiyo alifumua vidani vya zamani na kuzitenga shanga zake kwa rangi kwenye vifuniko vya makopo ya maziwa. Michoro aliitoa kwenye nguo: pindo za mashuka ambayo bibi yake alikuja nayo kutoka Oman, mapazia, mikeka. Mtu akiingia dukani, Mahfudha alihesabu kwanza nyuzi za nguo yake, ndipo akamsalimu.

Jumatatu moja aliingia Joëlla, mwalimu wa shule ya msingi huko Kanyosha. Alileta kipande cha impuzu, ile nguo ya kale inayopondwa kutoka gome la mti, kimechorwa mistari kwa tope jeusi. Upande mmoja kilikuwa kimekatwa.

"Mama Faris, mi naolewa mwezi ujao. Nataka kidani chenye michoro ya hii nguo. Ni ya mama yangu."

"Nusu ingine iko wapi?"

"Mama alikuwa amejifunika nayo siku walikuja kumuchukua. Mi nilishika huku, wao wakavuta kule. Mumoja akakata na kisu."

Mahfudha alitaka kujua kama mistari, baada ya pale palipokatwa, ilipinda kulia au kushoto. Joëlla alisema hakumbuki, siku hiyo alikuwa anautazama uso wa mama yake.

Alifuma siku nne. Alhamisi jioni alifika mstari wa tisini wa shanga, mwisho wa kipande, akafunga fundo. Ijumaa baada ya swala alikuta mistari mia moja na miwili, na fundo limesogea hadi mwisho, fundo lilelile la mkono wake. Sultani alimuuliza kama amepata shanga kwa mtu. Alisema hapana. Sultani akaangalia vifuniko, hakuna kilichopungua, akarudi kumpimia mteja kitenge.

Jumamosi Mahfudha alikaa kukitazama kidani tangu asubuhi. Hakikuongezeka. Alipokwenda kuchemsha chai, kiliongeza mistari minne. Wiki ile alikunywa chai nyingi sana. Kila mstari mpya aliunakili kwenye daftari la hesabu, maana alitaka kuona mchoro unakwenda wapi. Ulipinda kushoto. Kisha ukatokea mduara ambao hakuwahi kuuona kwenye impuzu yoyote, na pembeni yake doa jeusi lenye kingo zilizochongoka.

Joëlla alipokuja kujaribu, aliweka kidole juu ya lile doa.

"Hapa niliangusha kaa toka jiko la imbabura. Mama alikuwa anapika maharage. Nilikuwa na miaka tisa."

Akaomba kidani kisikatwe. Siku ya ndoa kilimzunguka shingo mara mbili na kufika kiunoni.

Ndoa iliandikwa katika ofisi ya zoni, ofisi ya serikali ya mtaa. Bwana harusi, Audace, fundi wa redio, alikuwa amevaa suti ya kaka yake. Mahfudha alikuja kama shahidi. Ofisa aliitwa Népomuscène, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, na meza yake ilikuwa imetandikwa impuzu iliyokatwa upande mmoja, na kitabu kikubwa cha ndoa kimewekwa juu yake. Joëlla alipoinama kutia saini, kidani kililala mezani sambamba na nguo. Mstari ulikaa kwa mstari, mduara kwa mduara, doa kwa doa.

"Shefu," Joëlla alisema, "hii nguo umeitoa wapi?"

"Niliikuta."

"Na mutu aliyeivaa?"

"Mwalimu, hapa tunaandika ndoa. Jina la mama?"

"Daphrose."

"Iko muzima ao alikufa?"

"Ni we unajua, Shefu."

Népomuscène alitazama kidani, akatazama meza. Alisema kazi ni safi sana, hata doa limefuatwa. Kisha akaandika: *haijulikani*. Mlangoni walisimama askari wawili. Audace aliweka mkono mgongoni kwa Joëlla. Joëlla alitia saini.

Mahfudha aliuliza kama anaweza kuona chini ya kitabu, maana kuna sehemu hajaipata. Ofisa akakiinua. Palikuwa na alama ya kahawia, pana kama kiganja. Mahfudha aligeukia kidani, akakuta mistari sita mipya ya shanga za kahawia, rangi ambayo hakuwa nayo kwenye kifuniko chochote. Joëlla alikuwa ameshaiona. Aliifunika kwa mkono wake, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Kama munataka kuiangalia," ofisa alisema akirudisha kitabu, "mukuje siku za kazi, saa mbili mpaka saa sita. Mupange laini kama wengine."

Wakawa wanakwenda kila Jumanne. Walipanga laini na watu wa vitambulisho na watu wa vyeti vya kuzaliwa. Zamu yao ikifika, Népomuscène aliinua kitabu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kupiga mihuri. Joëlla aliweka kiganja juu ya nguo mpaka mtu wa nyuma akohoe. Mahfudha alichora kwenye daftari. Kidani hakikuongeza mstari tena.

Mwaka uliofuata ofisa alipandishwa cheo, akahamia ofisi kubwa zaidi katikati ya mji na kuondoka na meza yake pamoja na nguo. Karani aliwaambia saa mpya: Jumatano, alasiri. Joëlla aliziandika, kisha akauliza kama huko kuna mwanga wa kutosha kuiona nguo.