Viwanja Tisa vya Wakili Oloo

Wakongomani wa Fairfield walimwita Maître, yaani wakili kwa Kifaransa, ingawa alikuwa Mkenya na Wakenya wenzake walimwita Oloo tu. Alifika Sydney akiwa mwanafunzi. Alifagia ofisi za watu, akapakia masanduku kwenye maghala ya Wetherill Park, na mshahara wote ukaishia kwenye ada ya chuo cha sheria. Alipofungua ofisi yake St Marys, juu ya duka la dawa karibu na stesheni, watu wakamiminika. Mawakili wengine waliongea Kiingereza cha haraka na kuangalia saa. Oloo alikusomea mkataba wa nyumba kwa Kiswahili, akakuuliza habari za watoto, akakuchangia harusi. Kwa miaka kumi na mbili hakuna aliyemsema vibaya.

Anésie Chibalonza ndiye aliyeanza.

Anésie alikuwa mjane kutoka Bukavu, mhudumu katika nyumba ya wazee, mwenye binti mmoja aitwaye Ketsia. Alikuwa amelipa arbuni ya kiwanja kwenye mtaa mpya uliokuwa bado unapimwa, na Oloo ndiye aliyesimamia ununuzi. Kazi ya upimaji ilichelewa mwaka mzima, na bei za ardhi zikapanda kuliko mtu alivyotarajia. Siku moja Oloo akamtumia ujumbe wa sauti kwenye simu, kwamba apite ofisini kusaini karatasi moja.

Akaenda baada ya zamu, bado amevaa sare ya kazi.

"Maître, unisomee yote," alisema.

"Mama Ketsia, hizi ni kurasa kumi na mbili, na watu wananingoja pale nje. Ni ya kuongeza muda tu. Au siku hizi huniamini?"

Anésie akaona haya, akasaini.

Miezi miwili baadaye ikaja barua, na arbuni yake yote ikarudi kwenye akaunti yake ya benki. Ketsia aliisoma barua akiwa amesimama jikoni, kisha akaisoma tena polepole.

"Mum, you agreed to cancel the contract."

"Nilikubali nini?"

"To cancel. Kuvunja. Look, it's your signature."

Kesho yake asubuhi Anésie alipanda ngazi za ofisi ya Oloo bila miadi, akampita karani, akafungua mlango. Oloo alikuwa anakunywa chai.

"Kiwanja changu kiko wapi?"

"Mama, punguza sauti."

"Minakuuliza kiwanja kiko wapi!"

Oloo akaweka kikombe chini. Zile habari za watoto hazikuwepo tena mdomoni mwake. "Ulisaini kuvunja mkataba. Nilikueleza vizuri, ukasaini. Arbuni umerudishiwa yote, hujapoteza hata senti moja. Sasa unalia nini?"

"Kwa ile pesa leo sipati hata kiwanja cha choo."

"Hilo ni soko, si mimi. Ukiendelea kupiga kelele hapa nitaita polisi. Na wewe unajua kazi yako ya wazee inataka rekodi safi."

Alikuwa amemtishia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Anésie alishuka zile ngazi. Baadaye alisema kwamba siku ile hakuogopa polisi. Aliogopa mikono yake mwenyewe, kwa sababu kikombe kilikuwa karibu.

Jumapili iliyofuata alisimulia kanisani. Mzee Symphorien, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha mbao, akamfuata nje na kumwambia kwa aibu kwamba na yeye alisaini karatasi kama ile. Baada ya wiki mbili walikuwa familia tisa, wote wateja wa Oloo, wote katika mtaa ule ule.

Ketsia ndiye aliyewapeleka kwenye ofisi ya msaada wa sheria hapo Fairfield. Waliyemkuta alikuwa Jerotich, wakili kijana kutoka Kenya, na Anésie nusura ageuke arudi nyumbani.

"Mkenya mwingine," alisema bila kuficha.

"Ndiyo, mama, ni Mkenya," Jerotich akajibu. "Niletee karatasi zako nizione, halafu utaamua kama unanichukia."

Jerotich akawaeleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewaambia. Tarehe ya mwisho ya mkataba ikipita, muuzaji hawezi kuuvunja peke yake ili auze kwa bei mpya. Lazima mnunuzi akubali kwa maandishi, la sivyo muuzaji aende mahakamani. Bila sahihi zao, viwanja vingebaki vyao. Kisha akatafuta kwenye daftari la ardhi. Viwanja vyote tisa vilikuwa vimeuzwa upya kwa kampuni moja, kwa bei iliyozidi ile ya zamani lakini chini ya soko, kama zawadi kwa aliyeleta zile sahihi. Mwenye kampuni alikuwa mke wa Oloo.

Symphorien alikaa chini, akavua kofia. "Huyu alinisomea barua ya kifo cha ndugu yangu," alisema. "Alilia na mimi."

Walipopeleka mashtaka kwenye ofisi inayosimamia mawakili, jamii ikagawanyika, na upande mkubwa haukuwa wa Anésie. Akina mama walioketi naye kwaya moja wakahama viti. Mchungaji akamwita, akamwomba waelewane nyumbani, wasianike uchafu wa Waafrika mbele ya wazungu.

"Pasta, akiniomba msamaha na kiwanja changu mkononi, nitaelewana naye," Anésie alimwambia. "Akija na mdomo mtupu, hapana."

Siku ya kusikilizwa kwa kesi, mjini, Oloo alikuja na suti ya kijivu na wakili wake mwenyewe, mzungu. Anésie alitoa ushahidi kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Oloo aliposimama, hakukana karatasi. Alisema aliwaeleza wateja wake wote kwamba wanavunja mkataba, ila Kiswahili cha Wakongomani ni kibovu. Hawana sarufi, alisema, wanachanganya Kifaransa, na mtu akiwaambia "kuondoa" wao wanasikia "kuongeza". Alisikitika sana, alisema, lakini kosa la lugha si kosa la wakili.

Mkalimani aliyatafsiri maneno hayo kwa Anésie akiwa ameinamisha uso. Nyuma ya chumba mtu akasonya kwa nguvu, na mwenyekiti wa kikao akaomba ukimya.

Ndipo Jerotich akaomba usikilizwe ule ujumbe wa sauti. Ketsia alikuwa ameupata kwenye simu ya mama yake, chini ya picha za harusi na salamu za kanisa. Chumba kizima kikaisikia sauti ya Oloo, changamfu kabisa: "Mama Ketsia, usiwe na wasiwasi. Ni karatasi ya kuongeza muda, tunawaongezea wale jamaa miezi sita wamalize kazi. Kiwanja ni chako." Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Wakili mzungu wa Oloo akafunga kalamu yake.

Uamuzi ulichukua miezi mitano. Oloo akafutwa kwenye orodha ya mawakili. Familia tisa zikalipwa fidia, lakini wakati huo kampuni ilikuwa imeshaviuza viwanja vile na nyumba za watu wengine zimesimama juu yake, na fidia haikutosha kununua kingine karibu. Symphorien alihamia kwa mwanawe Queensland. Mchungaji hakusema neno lolote, wala wale akina mama wa kwaya hawakurudi kwenye viti vyao.

Wateja waliambiwa waende St Marys kuchukua mafaili yao kabla ofisi haijafungwa. Anésie alikwenda na Ketsia. Kwenye ngazi wakakutana na Oloo anashuka na sanduku la vitabu kifuani. Alikuwa amekonda. Hakuna aliyempisha mwenzake.

"Umefurahi sasa?" Oloo akauliza. "Miaka kumi na mbili niliwahudumia watu wako. Nani atawasomea karatasi zenu?"

"Huyu," Anésie akasema, akimgusa Ketsia begani.

"Mtoto ambaye hata Kiswahili haongei."

"Ninaelewa," Ketsia akamjibu kwa Kiswahili, kwa shida, uso umemwiva. "Nilielewa kila neno ulilosema kule."

Oloo akataka kupita. Anésie hakusogea, mpaka yule aliyekuwa ameisomea nusu ya Fairfield mikataba akalazimika kujibana ukutani na sanduku lake, akashuka kiupande ngazi moja moja. Anésie hakumsaidia, wala hakumwangalia akitoka. Alipanda juu, akachukua faili lake, akamwambia binti yake wafanye haraka, zamu yake inaanza saa nane.