Kufuli la Bi Haki

Mtaani walimwita Bi Haki, na jina lenyewe alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa afisa wa watoto. Kila shule ya eneo lake ilikuwa na sanduku la mbao lenye tundu juu, ili mtoto atumbukize barua isiyo na jina na aseme linalomsumbua. Shule zikifungwa, masanduku yaliletwa ofisini na barua zikasomwa na watu watatu: yeye, muuguzi wa shule, na karani mzee aliyeitwa Babu Muhuri kwa kuwa mihuri yote ilikuwa yake na ole wako uiguse.

Kanuni za usomaji alizitunga Bi Haki mwenyewe. Barua isomwe kwa sauti, neno kwa neno. Iliyoharibika kabisa igongwe muhuri wa HAISOMEKI, itupwe. Na ikionekana mtoto yuko hatarini, wote watatu wainuke papo hapo waende kwake, chai ibaki ipoe. Alizitunga kwa hasira, maana afisa aliyemtangulia alikuwa na mazoea ya kuziruka barua zilizowagusa rafiki zake.

Asubuhi hiyo walikuwa wamekwisha kusoma kumi na moja: vyoo visivyo na milango, mwalimu mwenye matusi, mtoto aliyetaka tu mpira mpya. Bi Haki akaikunjua ya kumi na mbili. Mwandiko ule aliujua. Aliufundisha mwenyewe, mezani kwake, mkono juu ya mkono. Akaisoma barua kwa macho tu.

"Mama yangu ni mtu mzuri. Akienda kwenye mikutano ya haki za watoto ananifungia ndani, kufuli linakaa nje. Siku moja jirani aliunguza chakula, moshi ukaingia kwetu. Niligonga mlango mpaka mikono ikauma. Hakuna aliyekuja."

Hakuendelea. Binti yake alikuwa na miaka tisa, na walimwita Chiriku kwa sababu alipoanza kusema hakuwa na kituo. Siku hizi amepunguza maneno, na mama mtu alidhani ni utu uzima unamwingia! Tangu dada wa kazi aondoke hakukuwa na wa kumwachia. Na huko nje kuna magari, kuna watu wabaya. Nani azijuaye habari za watu wabaya kuliko afisa wa watoto? Kufuli lilikuwa la upendo. Ndivyo alivyojiambia kila alipogeuza ufunguo, na aliugeuza hata leo, maana shule zilikuwa zimefungwa. Ufunguo ulikuwa mkobani, miguuni pake.

"Vipi, dada?" muuguzi akauliza. "Mbona kimya?"

Kazi itakwenda. Jina litakwenda. Watu watacheka mpaka wakae chini.

"Haisomeki," akasema. "Imelowa."

Babu Muhuri hakuwa na shaka naye hata chembe. Miwani ikiwa bado juu ya paji la uso, aliivuta karatasi, akailaza mbele yake na kuchovya muhuri kwenye wino. Ndipo Bi Haki alipouona mstari wa mwisho, juu chini, ule ambao hakuufikia.

"Nikinusa moshi tena nitatoka kupitia dirishani."

Wanakaa ghorofa ya tatu.

"Usigonge!"

Alitupa mkono juu ya karatasi, na muhuri ukashukia mkono. Kisha akaisoma barua yote, kwa sauti, neno kwa neno.

"Huyu ni wangu," akasema. "Na sasa hivi ninavyosema amefungiwa."

Hakuna aliyemlaumu, hapakuwa na nafasi. Babu Muhuri alikuwa wa kwanza kusimama, na kwa magoti yake yale, hilo si jambo dogo. Walikwenda mbio. Njiani mtu alikuwa anachoma takataka, na harufu ilipompiga Bi Haki alipiga ukelele hata watu wakageuka. Alipanda ngazi akiwa na kiatu kimoja. Mlangoni ufunguo ulikataa kuingia, ukaanguka, akauokota, ukaanguka tena. Muuguzi akamnyang'anya, akafungua.

Ndani kimya. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake pamewekwa kiti.

"Nenda ukaangalie," alimwambia muuguzi, akishika ukuta. "Mimi siwezi. Nenda, tafadhali."

Muuguzi akaenda, akachungulia chini, akatikisa kichwa: hakuna kitu. Hapo Babu Muhuri akaonyesha kidole kwenye pembe, baina ya kabati na ukuta. Chiriku alikuwa amejibana pale, viatu miguuni, mkoba wa shule mgongoni, taulo lililolowa limebanwa kifuani. Alikuwa amesikia vishindo vya wengi ngazini.

Bi Haki akapiga magoti, machozi yakimtiririka, akanyoosha ule mkono wenye wino. Njia nzima alikuwa ameogopa moshi, ameogopa dirisha. Mtoto aliwatazama wageni, akaliona kufuli mkononi mwa muuguzi, akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, kama zamani.

"Mama, sikuandika jina lako. Wallahi sikuandika. Usinifungie, mama, sikumwambia mtu kwamba ni wewe."