Nguzo za Kwenye Miwani

Mkufunzi wa kupanda nguzo alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kufoka. Kwa miaka ishirini na minane aliwafundisha wanafunzi wa umeme wa chuo kile kupanda nguzo, na wote walimwogopa yeye kuliko nguzo, isipokuwa mmoja. Bahati mbaya huyo mmoja alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja.

Darasani binti hakuwa na mpinzani. Mpe mchoro wowote wa nyaya, atakuonyesha kosa lilipo kabla hujamaliza kuukunjua. Lakini mpeleke uwanjani, mvalishe vyuma vya miguuni, mwambie apande: atakwenda hatua tatu, nne, kisha ataikumbatia nguzo na kufumba macho, na hapo umbembeleze usimbembeleze, hapandi wala hashuki. Mara mbili mjomba mtu alilazimika kupanda kumbandua, darasa zima likiwa chini linajifanya halioni. Na asiyefaulu mtihani wa nguzo hapewi cheti, hata awe na akili za kumwaga. Nyumbani dada yake hakuwa na swali lingine: mwanangu atapanda lini?

Ndipo mkuu wa chuo, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bwana Maendeleo, alipoleta miwani. Ilikuwa miwani ya kuziba macho yote. Ukiivaa, kuta za chumba zinapotea, unajikuta umesimama chini ya nguzo. Barabara ile pale, mapaa yale pale, hata ndege wanapita. Mkononi unashika kidude chenye vitufe. Chumba kilitandikwa zulia, na juu ya zulia hilo wanafunzi wakawa wanapanda nguzo za mita ishirini bila kuinua mguu kupita goti.

"Mjomba, jana nimepanda nguzo arobaini," binti alimwambia wiki ya pili.

"Umezipanda wapi?"

"Kwenye miwani."

"Basi hujapanda."

"Nimepanda! Nimeangalia mpaka chini. Siku ya kwanza nilitapika, siku hizi wala."

Alimtazama asijue acheke au afoke. Jioni dada yake alipouliza, alimjibu kwamba mtoto amepanda, ila bado hajapanda, na dada mtu akamwambia, "Kaka, umeanza kuzeeka."

Kesho yake mkufunzi akaamua kuivaa miwani mwenyewe. Yeye ambaye amewahi kula chakula cha mchana juu ya nguzo alijikuta ameng'ang'ania pazia la chumba kile. Upepo haukuwepo. Nguzo haikutikisika hata chembe. Alipokosea alianguka, na kabla hajafika chini giza likaingia, kisha akajikuta amesimama salama palepale alipoanzia, na sauti tamu inamwambia ajaribu tena. Akaivua kwa hasira. Huko juu alikokuzoea yeye, hakuna wa kukuambia ujaribu tena.

Lakini mchana wa siku hiyohiyo aliwakuta wanafunzi wakionyeshwa, kwa miwani ileile, fundi anayegusa waya wenye moto. Yeye alikuwa na mwenzake aliyeungua mbele ya macho yake, na miaka yote hiyo alikuwa akiwasimulia wanafunzi habari hiyo huku wakipiga miayo. Siku hiyo walivua miwani kimya, na mmoja akaenda kukaa nje peke yake. Sasa amlaumu nani? Kitu kilichomuudhi asubuhi kilikuwa kimemfanyia mchana kazi iliyomshinda miaka yote. Kichwa kilimvurugika, akaenda kufagia stoo ambayo haikuwa na taka.

Siku ya mtihani ilifika. Kila mwanafunzi alikuwa na nafasi mbili. Mkuu wa chuo alisimama na fomu zake, na mkufunzi akashika kamba ya akiba, ile inayofungwa mgongoni mwa mpandaji, ikapita kwenye kapi, kigurudumu kilichofungwa juu ya nguzo, na kurudi chini mikononi mwa mshikaji.

Binti alipanda. Alipanda kama anakwenda kuanua nguo, bila kusita, bila kutazama nyuma, na mjomba wake akawa anaivuta kamba kumfuata huku akitabasamu. Juu kilichobaki kilikuwa kuzungusha mkanda kwenye nguzo, kuufunga kiunoni, kisha kuegemea nyuma na kuachia mikono yote miwili mpaka ihesabiwe kumi. Kwenye miwani mkanda haufungwi. Unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, nao unajifunga wenyewe. Mkufunzi alikiona kidole gumba cha mpwa wake kikibonyeza hewa. Kabla hajafungua mdomo, binti aliegemea nyuma na kuachia mikono.

Kamba ilimkimbia mkufunzi viganjani urefu wa mtu mzima kabla hajaikaza. Alisubiri mayowe. Hayakuja. Binti alikuwa ananing'inia hewani, anamwangalia kwa utulivu.

"Mjomba, nirudie?"

Akamshusha polepole. Miguu ya binti ilisimama imara.

"Safi sana!" alisema mkuu wa chuo. "Hofu kwisha! Kasahau mkanda tu, jambo dogo. Bado ana nafasi ya pili."

Jambo dogo! Miezi yote mkufunzi alikuwa amemwombea mtoto huyu ujasiri, na sasa ameupata, na yeye anautazama kwa woga ambao hajawahi kuwa nao. Alitaka kumkumbatia, alitaka kumzaba kibao. Hakufanya hata kimoja. Alimfunulia viganja vyake. Ngozi ilikuwa imetoka, na damu ilikuwa inashuka kwenye viwiko.

"Kwani nimeanguka?" binti aliuliza.

"Umeanguka."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa. Umeishia hapa, mikononi mwangu." Akamsogezea viganja karibu zaidi.

Binti alivitazama, akatazama juu ya nguzo, akavitazama tena. Midomo ikaanza kumcheza. Mkuu wa chuo akaita nafasi ya pili.

Safari hii alipanda akilia kwa sauti. Mkuu wa chuo aliangalia saa mara tatu. Binti alipofika juu alizungusha mkanda, akaufunga, akauvuta, akauvuta tena, akauvuta mara nyingi kuliko alivyofundishwa. Akaegemea nyuma kidogo. Mkono wa kushoto ukaachia nguzo. Wa kulia ukakataa. Chini, kamba ikiwa imekandamiza nyama mbichi ya viganja, mjomba wake hakujua anamwombea aachie au asiachie. Alihesabu mpaka kumi taratibu, akaanza upya, mpaka mkuu wa chuo akamgusa bega.

"Ni mkono mmoja, bwana. Sheria inasema miwili."

Fomu ililetwa. Mkufunzi aliandika kwamba binti hajafaulu, na kalamu ikamteleza kwa damu. Mtoto alikuwa mzima. Mkanda ule ulikuwa umefungwa vizuri kuliko mkanda wowote wa mwaka ule. Na cheti hapati. Alijiuliza kama amemwokoa au amemharibia, akajiuliza tena, na kila jibu aliloshika lilimponyoka.

Binti alikuwa ameketi chini anavua vyuma vya miguuni, bila kumwangalia.

"Pole, mwanangu," alimwambia.

"Nilikuwa siogopi tena," alisema binti. "Ungeniambia tu nifunge mkanda, mjomba."