Ng'ombe Wanaolala kwa Margwe

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayetengeneza huduma ya watu kuazimana vitu kwa simu, naye akaja kukuuliza habari za majirani, funga mdomo kwanza. Mimi sikufunga. Nakuandikia ili usipite nilipopita.

Binti yangu Glory alirudi hapa Endasak mwezi wa kumi, amemaliza chuo. Wiki mbili alikuwa anazunguka mashambani anatazama tu. Kisha akatuambia mimi na baba yake, "Huyu ana plau, hana maksai. Yule ana maksai, plau yake imevunjika. Mama Ludovika hana hiki wala kile, na mvua inakuja." Akabuni huduma, akaiita Zamu. Haitaki simu kubwa. Unatuma ujumbe wa kawaida kwenye namba moja, unasema unachohitaji, nayo inakujibu kiko kwa nani. Anayetoa leo, kesho naye anapewa.

Baba yake, Benedict, alimsikiliza mpaka mwisho. "Nakupa mvua ya kwanza," alisema. "Ikinyesha na hakuna hata shamba moja lililolimwa kwa hiyo Zamu yako, unapanda basi, unakwenda Arusha kutafuta kazi kama wenzako."

Sikutaka aende. Kaka yake alikwenda hivyohivyo, sasa namsikia kwa simu Krismasi na Pasaka. Kwa hiyo Glory alipokaa jikoni na daftari kuniuliza nani ana nini, nilimwaga yote.

"Kwa mzee Margwe kuna maksai wawili weusi," nilisema. "Lakini si wake. Ni wa Hermani wa kule Masieda, kawaweka tu."

"Mama, una uhakika?"

"Miaka yote hii! Nani asiyejua?"

Hapo ndipo nilipokosea. Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Anawagawa kwa marafiki, ili ugonjwa ukija usimmalize, na rafiki naye apate maziwa na samadi na nguvu ya kulimia. Ng'ombe akilala kwako, mbele za watu ni wako. Kujua tunajua. Kusema hatusemi.

Glory akaandika yote mawili, mwenye mali na mahali mali ilipo. Alisema chuoni walifundishwa kwamba watu hawaaminiani mpaka wajue kitu ni cha nani. Nami nikaona sawa, mtoto kasoma.

Wa kwanza kutuma ujumbe akawa Ludovika, mjane jirani yetu. Simu ikamjibu: "Maksai wawili. Mwenyewe ni Hermani, Masieda. Wako kwa Margwe." Ludovika macho hayaoni vizuri, akampa mtu amsomee. Akamsomea kwa sauti, pale kwenye mashine ya kusaga, watu wakiwa kwenye foleni.

Kesho yake mzee Margwe alileta mahindi. Emilian, mwenye mashine, akamsalimia kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Bosi wako Hermani hajambo? Likizo amekupa lini?"

Watu wakacheka. Yule mzee ana wajukuu kumi na mmoja. Alibeba mahindi yake akaondoka bila kusaga.

Kufika jioni, nyumba tano zilikuwa zimejitoa kwenye Zamu. "Kesho itasema mbuzi wa mke wangu walitoka wapi," mmoja alimwambia Glory. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya mlima Hanang, na Benedict nikamsikia anauliza basi la asubuhi linapita saa ngapi.

Glory alikuwa amekaa mlangoni, simu mkononi. "Nitayafuta majina ya wenye mali, mama. Lakini nani atarudi? Wataniuliza nilijuaje."

"Mimi ndiye niliyesema," nikamwambia. "Inuka twende."

Tulimkuta Margwe anatengeneza nira.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitika. Mtu mzima kunyimwa marahaba, mwenzangu, omba yasikupate. Nikabaki nimesimama, nikayasema hivyohivyo. "Mtoto hakujua. Ni mdomo wangu. Niliogopa asije akaenda mbali, nikakuaibisha wewe."

Alikaza kamba kwanza. "Mama yao aliletwa hapa akiwa mtamba, hajazaa bado," alisema. "Hawa wote wawili nimewavuta kwa mikono hii wakizaliwa. Hermani hata majina yao hayajui. Sasa simu inanifundisha ni wa nani."

Glory akachuchumaa karibu naye. "Babu, wewe ungetaka iandike nini?"

Mzee akamtazama. Nadhani alitegemea utetezi, si swali.

"Iandike wanalala wapi, basi. Anayelisha ndiye anayeulizwa. Na iniulize mimi kwanza, nikikubali ndipo umwambie huyo anayetaka. Ya Hermani nitamalizana naye mimi."

"Nimeelewa."

"Na ng'ombe si jembe, uwapeleke wenyewe tu. Mimi naenda nao. Akiwashika mtu mwingine wanalala katikati ya shamba."

"Basi Zamu itaazimisha ng'ombe pamoja na babu."

"Babu na chai yake. Andika na chai."

Tulipofika kwenye uzio akaniita. "Mama Glory."

"Abee."

"Marahaba."

Siku ya pili yake alikuwa shambani kwa Ludovika, maksai wanavuta plau ya kuazima, yeye anawaita majina yao ambayo Hermani hayajui. Watu walisimama njiani kutazama. Nyumba tatu kati ya zile tano zikarudi, na Emilian naye akatuma ujumbe, anaomba maksai. Zamu ikamuuliza Margwe. Margwe akajibu, "Mwambie asubiri, bosi hajanipa ruhusa." Alimsubirisha siku mbili, kisha akaenda kumlimia.

Mvua ilinyesha Jumamosi, mashamba manne yakiwa tayari. Benedict alitoka akasimama chini ya paa, akatazama upande wa kwa Ludovika. Habari ya basi hajairudia.

Hofu yangu haijaisha, sitakudanganya. Msimu mmoja si maisha. Juzi Glory alikuja tena jikoni na daftari, anataka kuongeza mabomba ya kupulizia dawa. "Mama, lile la kwa Nikolausi ni la nani?"

Nilikuwa najua. Nikasonga ugali wangu.

"Nenda kamuulize Nikolausi," nikamwambia.