Masikio ya Kwaya

Tak. Tak-tak. Tak.

Bibi Genoveva alifumbua macho gizani. Hawakuwa panya. Vilikuwa vidole vya mjukuu wake Magdalena vikigonga kinanda sebuleni. Muziki wenyewe aliufungia kwenye hedifoni ili bibi yake alale, lakini vitufe vya plastiki havikuijua adabu hiyo. Genoveva alimshukuru kimoyomoyo, akajigeuza, goti likamlalamikia. Jana kutwa walikuwa wameinama mikoroshoni, na usiku korosho nyingine zilikuwa zimeanguka.

Kisha vitufe vikanyamaza. Ukimya ule ulimtia hofu kuliko kelele, akaamka.

"Bibi, nampigia mwenye hoteli," Magdalena alisema, macho yamevimba. "Namwambia Jumamosi siji Lindi kujaribiwa. Kazi ya kinanda ampe mwingine."

"Kwa nini, mke mwenzangu?"

"Ule wimbo wa jazi alioutaka. Nimeunakili kutoka kwenye simu, noti kwa noti. Mahali pamoja panakataa, pale unaporudi nyumbani kwenye do. Kwenye simu panateleza kama mafuta. Nikipiga mimi, kama watu wanatoka misani."

Genoveva alikuwa ameimba kwaya tangu usichana, lakini kwa hilo hakuwa na dawa.

"Usimpigie mtu kabla hujanywa chai," alisema. "Tukitoka shamba twende kwa Erasmo."

Erasmo alikuwa amepiga kinanda cha kanisa la Rutamba mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Siku hizi watu walimsalimia kutoka barabarani, wakapita.

Alasiri Haruna wa bodaboda aliwapakia, kinanda kimelazwa mapajani. Aliendesha polepole akikwepa mashimo, wala hakusema kwamba ni kwa ajili ya goti la bibi.

"Tumsifu Yesu Kristo," Genoveva alibisha mlangoni kwa Erasmo.

"Milele amina. Genoveva! Bado unaimba kwa pua?"

"Na wewe bado hujafa?"

"Nasubiri kwanza unyamaze."

"Shikamoo, babu," Magdalena alisema akicheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Marahaba, mama."

Kiti kilikuwa kimoja tu chenye mto. Erasmo alimpa Genoveva, mwenyewe akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akausikiliza wimbo kwenye simu, kisha akamsikiliza Magdalena.

"Pale panapokataa, noti ya chini kabisa umeweka nini?"

"So."

"Uliisikia so?"

"Mara ya kwanza nilisikia kitufe cheusi, kile kati ya do na re. Nikajua nimesikia vibaya. Kabla ya do huwa ni so."

"Huwa ni so wapi?"

"Kwaya."

Erasmo alicheka mpaka akakohoa. "Umeijia jazi na masikio ya kwaya! Ulisikia vizuri, ukajisahihisha mwenyewe. Haya, shika fa na ti. Usiziachie."

Akanyoosha kidole. Kilitetemeka, kikagonga pasipo pake. Genoveva akamshika kifundo cha mkono, na kidole kikatua kwenye so.

"Hiyo ndiyo njia ya misani. Fa na ti ndizo zenye hamu ya kwenda nyumbani. Sasa sikiliza."

Akakihamishia kwenye kile cheusi. Vidole vya Magdalena havikusogea, ila sauti ikageuka, kama chumba kilekile dirisha jingine likifunguliwa.

"Fa na ti ni zilezile. Wa chini tu kabadilishwa. Mpigaji kampumzisha so, kamweka mwingine mahali pake, na hamu haikupungua. Halafu angalia njia: re, cheusi, do. Anashuka kwa hatua fupi."

Magdalena alipiga. Pakateleza. Akapiga tena, taratibu, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

"Babu, kule mwanzo pia nimesahihisha! Mara mbili!"

"Basi rudishia ulichosikia."

Alirudishia. Kila alipokwama, Erasmo alimwacha atafute mwenyewe. Shati la mzee lilikuwa limelowa jasho, naye Genoveva, aliyechoka mpaka mifupani, alitamani kumwambia akalale. Lakini aliuona uso wake uking'aa, akaacha.

"Jumamosi?" Erasmo aliuliza walipofunga kinanda.

"Nakwenda, babu."

"Wakikuchukua, wasikuchukue, usinitumie ujumbe." Aliwasindikiza hadi mlangoni, akashikilia mwimo. "Njooni tena, jamani. Hata msipokuwa na swali."