Shukrani za Mheshimiwa

Mheshimiwa alikuwa mlangoni mwa ukumbi wa bunge, anataka kuzima simu kama sheria inavyodai, mama yake alipopiga. Mdogo wake wa kike kashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza ilimharibikia juu ya mkokoteni, njiani kwenda hospitali, na tangu hapo familia nzima iliishi roho mkononi.

"Lori la mahindi linaondoka sasa hivi kwenda mjini," mama alisema. "Tumpakie, au tumpeleke zahanati mpya? Wengine wanasema muuguzi kaja, wengine wanasema bado."

"Mwambie dereva asubiri kidogo, mama. Fungueni redio. Nauliza sasa hivi, mtasikia wenyewe."

Akazima simu, akaingia.

Swali lake likaitwa. Naibu Waziri akasoma jibu kwa sauti tamu: zahanati imekamilika, imepakwa rangi, iko tayari kuhudumia wananchi. Kuhusu muuguzi, kimya. Ilibaki nafasi ya swali moja la nyongeza, na Mheshimiwa alikuwa nalo mdomoni: muuguzi ameripoti au hajaripoti? Maneno manne tu!

Lakini bungeni hakuna aombaye kabla ya kushukuru. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo wakongwe walivyomfunza, na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri mno. Akasimama. Akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai. Akamshukuru Spika kwa kumwona. Akamshukuru Waziri, mchapakazi asiyelala, na Naibu wake, na serikali sikivu iliyowajengea wananchi wake zahanati ya kisasa. Wenzake wakagonga meza. Kelele zile zilimpa raha, Mungu amsamehe, akaongeza shukrani nyingine.

"Sasa, Mheshimiwa Spika, swali langu..."

"Muda wako umekwisha. Kaa."

"Spika, ni neno moja tu!"

"Kaa chini, Mheshimiwa! Swali linalofuata."

Akakaa. Kisha akainuka, akatoka bila hata kuinama mbele ya kiti cha Spika, akamngoja Naibu Waziri kwenye ukumbi wa nje. Alipotokea akamshika mkono wa koti kama mdai.

"Muuguzi yupo?"

"Ah, ndugu yangu, si ungeuliza tu! Bado hatujaajiri. Labda mwakani." Akampigapiga begani. "Lakini umeongea vizuri sana."

Mheshimiwa aliwasha simu, akampigia mama. Mama alipokea haraka, anahema kwa furaha. Hata shikamoo Mheshimiwa hakukumbuka.

"Mama, mko kwenye lori?"

"Lori la nini tena? Tumekusikia, mwanangu! Watu wamepiga vigelegele. Nikawaambia, mwanangu namjua, hawezi kushukuru kitu ambacho hakipo. Lori tumeliruhusu liende. Tumeshafika zahanati."

"Mama..."

"Pazuri, usiseme! Mlango tu ndio umefungwa. Ngoja, shemeji yako anabisha."

Mheshimiwa alisikia ngumi zikigonga bati, na sauti ya shemeji yake ikiita hodi, hodi wenyewe. Nyuma yake mdogo wake alikuwa analia, akimtaja mama.

"Mama, humo hamna mtu," alisema. "Mama, unanisikia? Hamna mtu."

"Subiri, mwanangu, sikusikii," mama alisema. "Ngoja tubishe kwa nguvu."